Papa Straton, Bihogo, na kyansi yenye nilikataa

Papa Straton Nzabonimpa anatumikia hopitali yetu ya Rubonga tangu miaka makumi tatu na moja. Leo, siku ya posho, samedi tarehe mbili mwezi wa munane, ataweka funguo ya atelier, fasi yetu ya kutengenezea vyombo, ku meza ya Docteur Bienvenu, mukubwa wa hopitali, na atapanda kwake ku mulima fasi ngombe zake ziko. Banasema pension ni mapumuziko. Sisi benye tunamujua tunacheka. Papa Straton na mapumuziko habajapanaka mukono hata siku moja.

Kazi ya kuandika hii ilinifikia mimi, Jérémie Akilimali, juu njo mimi nilikaa naye karibu zaidi ku atelier. Docteur aliniambia: « Andika kitu muzuri, kaka, kifupi, batu bacheke kidogo mbele ya kula. » Nitajaribu. Ya kuchekesha nitaanza nayo. Ile ingine itakuja nyuma, na ninaomba musikunje hii karatasi mbele ya kuimaliza.

Wakati Papa Straton alifika hapa, Rubonga ilikuwa na groupe moja tu, jenereta yenye kukunywa mazout kama mulevi wa siku ya Noeli. Yeye alikuwa kijana wa familia ya ngombe, alisoma électricité kwa Bapadiri, na batu bakashangaa: mutoto wa maziwa anatafuta nini mu mafuta? Alibajibu kama groupe na ngombe ni kitu moja, zote zinataka muntu wa kuamuka mapema. Njo yeye alifunga panneau ya jua ya kwanza juu ya maternité, fasi bamama banazalia. Njo yeye alifunga taa ya chumba ya kupasulia. Alifunga pia haut-parleur, kipaza sauti, ya kanisa, na ile Pasaka, fasi ya mahubiri, tukasikia radio inatangaza bei ya viazi. Padri alimusamehe. Chorale, yenyewe, haijamusamehe sauti yake hadi leo. Anaimba basse na nguvu, kidogo chini ya benzake, na mukubwa wa chorale alimuweka karibu na mulango ili sehemu moja ya ile sauti itoke inje.

Mu miaka ya vita, ya kukimbia, wakati kila nyumba ilikuwa inafunga godoro na sufuria, Papa Straton alikuwa anapanda juu ya paa kufungua panneau. Alizizika mu shamba ya maharagi, na tulivyorudia akazichimbua. Safari moja alifunga convertisseur, ile appareil yenye kugeuza courant, umeme ya batterie, mu kitenge ya bibi yake Mama Mukagasana, akaibeba ku mugongo kama mutoto. Ku barrière ya barabara, muntu mwenye bunduki akamuuliza: « Muzee, huyu mutoto mbona halie? » Akajibu: « Iko analala. Ukimuamusha, utamunyonyesha weye. » Bakacheka, akapita. Tulivyorudia Rubonga, taa ya maternité iliwaka mbele ya moto ya jikoni.

Lakini kazi yenye itabaki na jina yake ni ya masanduku ya chanjo. Elodie, infirmière wetu, anashukaka na pikipiki hadi Kashebere, kule pori ya Walikale inaanzia, na masanduku yenye batterie ndani juu ya kushikilia baridi. Zamani kila sanduku ilikuwa na tundu ya kuingiza fil, waya ya courant. Matope inaingia. Tena tunaosha kila kitu na chlore juu ya magonjwa ya kuambukiza, na chlore inakula ile chuma ya ndani ya tundu. Leo fiche, kichwa ya fil, inavunjika, kesho ingine. Kisha bakatuletea masanduku mapya, yenye kufungwa pande zote, bila tundu. Unaweka sanduku juu ya meza yake, na courant inapita bila fil.

Batu balisema ni uchawi. Papa Straton alifungua meza mbele ya kila muntu, hata ba mama wa jikoni, akatuonyesha: bobine ya cuivre, waya ya shaba yenye kuzungushwa, mu meza, bobine ingine mu kitako ya sanduku. Ile ya chini convertisseur inaitikisa na courant haraka sana, na ile ya juu inaisikia bila kuguswa. Ni ile tu. Meza zilikuwa mbili, akazipa majina ya ngombe zake mbili, Bihogo na Gaju. Kila asubuhi alikuwa anazigonga na kidole na kuziuliza kama zililala muzuri.

Shida ilikuja na mvua. Sanduku ikikaa kidogo pembeni, ao batterie yake ikikaribia kujaa, meza ilikuwa ingali inasukuma ile nguvu ya mwanzo, na sehemu mingi ilikuwa inapotea bure, inakuwa joto. Siku zenye jua haionekane, batterie kubwa ya hopitali ilikuwa inamalizika juu ya kupasha meza moto, na bamama ba maternité banazaa na tochi ya telefone. Papa Straton hakupenda ile hata kidogo. Alisema: « Ngombe haumukamue na hasira. Unavuta kidogo, unasikiliza. Akikunja mugongo, unarudisha mukono. » Ingénieur Tuyizere wa Goma, kijana mwenye akili sana, mwenye alituletea zile meza, alimusikia na telefone na akamuuliza kama anaweza kusema ile neno tena, polepole. Toka ile siku babili habakuachana. Balibishana, balitukanana kidogo, Papa Straton alikosea mara mingi na hakukubali hata moja. Alikuwa anamuita Tuyizere « mukwe wangu », na hana binti.

Kitu yenye balitengeneza ni hii. Sanduku inaambia meza, na radio ndogo, nguvu yenye inapokea. Meza inapunguza kusukuma kwake kidogo, inaangalia: sanduku ingali inashiba? Na batterie ya hopitali sasa inatoa kidogo kuliko mbele? Kama ni ndiyo, inapunguza tena. Kama ni hapana, inarudia hatua moja nyuma. Kisha inaanza upya, na haichoke, juu sanduku inasogea, batterie inajaa, hakuna kitu inabaki vile ilikuwa. Meza haijifanye kama inajua. Inauliza kila wakati. Ku atelier tuliita ile contrôle « mukono ya kukamua ».

Haikutembea muzuri siku ya kwanza. Mamy wa jikoni aliweka sahani yake ya chuma juu ya Gaju, na maharagi ndani, na maharagi ikapata moto. Kesho yake, saa ya kula, mustari ya sahani ilikuwa inafika inje. Papa Straton akatoka na hasira: « Gaju hapana jiko! Ngombe ya batu yote inakaukaka! » Yeye na mukwe wake bakaongeza sheria ingine: kitu ikikunywa courant na haijibu ku radio, ni mwizi, mulango ifungwe. Mamy anasema hadi leo kama maharagi ya ile juma ilikuwa tamu kupita zote.

Toka pale, mvua ilikuja na ikaenda, na maternité haikulala giza tena.

Ya kuchekesha inaishia hapa.

Mu mwezi wa tatu Bihogo iliungua. Kila muntu anaikumbuka. Munakumbuka kama bamama balitoka mu pori, na batoto ku mugongo, hadi Kashebere. Elodie alifungua masanduku mbele yao. Ku kila chupa ya chanjo iko kadirisha kadogo kenye kanageukaka rangi kama chanjo ilipata joto. Kote kalikuwa keusi. Akabaambia barudie nyumbani. Mama mumoja akamuuliza: « Dada, nirudie na nini? » Elodie akafunga masanduku.

Munakumbuka pia mukutano. Ile juma Papa Straton alikuwa alishuka Kirotshe kupima macho, juu jicho ya kushoto inaanza kufunikwa. Basi neno ilikuwa ilishazunguka mbele mukutano ianze: muzee haone tena, alifunga vibaya, na ile contrôle yake ya kuuliza-uliza njo ilileta moto. Docteur alikata maneno. Bihogo na Gaju zifungiwe mu dépôt, mu stoo. Tutumikishe tena masanduku ya zamani, ya fil. Papa Straton alikuwa ameomba kuongeza mwaka moja. Apumuzike mwaka huu. Na Jérémie akuwe mukubwa wa atelier.

Haikuwa macho ya Papa Straton. Haikuwa contrôle yake. Ilikuwa mimi.

Nitasema vile ilikuwa, bila kujitetea. Nilikuwa nimechoka kuwa muntu wa pili. Batu banaingia ku atelier, bananikuta mimi nasimama, na banauliza: « Papa iko? » Kama vile mimi ni kiti. Papa Straton aliposhuka Kirotshe, Docteur alipita mangaribi, akaniuliza kama masanduku itakuwa tayari ya safari ya kesho. Mawingu ilikuwa mingi, mukono ya kukamua ilikuwa inaenda taratibu, inalinda batterie ya hopitali kama vile iliumbwa. Nikamujibu: « Docteur, kwa mimi, itakuwa tayari mbele ya jogoo. » Nilitaka anione.

Nilifungua Bihogo. Nikakamata kipande ya fil nyekundu, nikaunganisha fasi mbili yenye kuruka ile contrôle yote. Bihogo ikaanza kusukuma na nguvu yake yote, bila kusikiliza muntu. Taa za masanduku zikakuwa kijani, zote. Niliziangalia na nikacheka peke yangu. Nilisema mu roho: muzee, umeona? Kisha nikafunga mulango, nikaenda Mweso ku dote, mahari, ya mutoto wa dada yangu. Kule nilikunywa, nikajisifu.

Sanduku moja ilikuwa inakaa pembeni. Ilihitaji tu kusogezwa kidogo; na bila ile, mukono ya kukamua ingeiona na kupunguza. Lakini mukono nilikuwa nimeikata. Nguvu yenye haikupata fasi ya kuingia ikabaki mu meza, ikakuwa moto, na convertisseur ikaungua mbele masanduku zishibe. Elodie alizichukua asubuhi na mapema. Taa zilikuwa zingali kijani, juu taa inasema tu kama courant iko mu batterie ya sanduku, haiseme kama ni mingi ao kidogo. Elodie hakukosea kitu. Baridi ilimukufia mu njia, katikati ya pori.

Papa Straton alirudia na dawa ya macho mu mufuko na akaambiwa habari mbele aweke sakoshi chini. Alifungua Bihogo. Mimi nilikuwa nyuma yake, namushikia tochi. Jicho moja haione muzuri, ni kweli. Lakini ile fil aliiona. Ku atelier yetu, fil nyekundu natumikishaka mimi tu. Yeye anatumikishaka nyeusi, anasema nyekundu ni ya bijana. Aliitoa na pince, koleo yake ndogo, akaikunja kidogo-kidogo, akaiweka mu mufuko ya koti. Hakugeuka kuniangalia. Nikazima tochi.

Mu mukutano Docteur alimuuliza kama ana neno. Akasimama, akasema: « Bihogo ni ngombe yangu. Ikipiga muntu teke, bananiita mimi. » Akakaa. Mimi nilikuwa ku kiti ya pembeni yake. Nilisikia harufu ya maziwa mu koti yake. Kisha balinipigia makofi juu ya kazi mupya.

Kila siku ya tano ya juma, Mama Mukagasana anatumaka maziwa ku atelier mu kyansi, ile chombo ya muti ya batu ba ngombe, na tunakunywaka sisi wote ku mudomo moja, moja nyuma ya mwengine. Mimi ni mutoto wa Walikale, wa pori, kwetu tunakunywaka kasiksi, pombe ya ndizi. Desturi ya kyansi nilifundishwa na Papa Straton mwenyewe: ukiwa na kitu mu roho juu ya mwenzako, haukunywe naye ku kyansi moja. Ukikunywa, ni kama umeapa mbele ya batu kama hakuna kitu.

Toka mwezi wa tatu, kyansi ikinifikia, ninasema: « Tumbo inaniuma, Papa. » Anaipitisha kwa mwengine. Juma ingine, tena tumbo. Munyakazi, chauffeur, akaanza kunichokoza: « Jérémie, hii tumbo si mimba? Tukuandikishe ku maternité? » Batu bakacheka hadi kushika ukuta. Papa Straton hakucheka. Alipanguza mudomo na akasema: « Mumuache. Tumbo yake haigonjwe maziwa. Itapona siku yenye mudomo itapona. »

Njo pale nilijua bila mashaka kama anajua. Na njo pale ilinipasa kusema. Sikusema. Siku ya tano yenye ilifuata alininyooshea kyansi na mikono mbili, vile banapanaka kitu kwa muntu wa heshima, na mimi nikasema tena tumbo. Aliendelea vile hadi juma iliyopita. Angeweza kuniacha, kupitisha tu. Hakuniruka hata siku moja.

Sijue juu ya nini alinyamaza. Siwezi kumuwekea maneno mu kinywa. Najua tu kama muntu alipoteza jina yake ya kazi mbele ya hopitali muzima, na ile jina ilikuwa mu mufuko ya koti yake, fil fupi nyekundu, na hakuitoa.

Nilipoanza kuandika hii, niliandika mbele wasifu ya kawaida. Ilikuwa na miaka, na panneau, na chorale, na mwisho muzuri. Niliisoma na sauti. Ilikuwa inasema kama alituacha « juu ya macho ». Nikaona kama nikiisoma mbele yenu, nitakuwa namufukuza mara ya pili.

Jana asubuhi niliianza upya na nikamupelekea Docteur. Aliisoma akisimama. Akakaa, akaisoma tena. Nikamuambia ninarudisha kazi ya ukubwa. Akajibu: « Ile tutaongea nyuma. Hapa usiondoe hata neno moja. » Kisha akatafuta funguo ya dépôt, akaenda mwenyewe kufungua. Gaju, yenye haikuungua, iko inatumika tena toka jana, na mukono ya kukamua ndani yake. Bihogo inangoja convertisseur kutoka Goma. Ingénieur Tuyizere alisema itafika, na aliuliza nani alikata contrôle ya « baba mukwe ». Nilimuambia. Alifunga telefone.

Elodie nilimutafuta mu couloir, mu njia ya kati ya vyumba. Hakunitukana, na ningependa anitukane. Alisema: « Utashuka na mimi Kashebere. Bale bamama utabaambia weye, na mudomo yako. » Nitashuka ku safari ya kwanza.

Papa Straton, hopitali ya Rubonga inakushukuru. Batoto benye balizaliwa mu mwangaza yako bamekuwa bakubwa, bengine banafanya kazi hapa na habajue. Docteur atasema asante yake, chorale itaimba, na weye utaimba chini kidogo ya bote. Tunakuombea njia nzuri ya kupanda. Jicho ipone. Ngombe zizae. Mama Mukagasana akuzoee mu nyumba muchana kutwa, juu hajui bado kitu gani inamufikia. Kutoka kwako ku mulima, taa za maternité zinaonekana. Mvua ikipiga na uzione zingali zinawaka, ujue ni mukono yako, ingali inakamua.

Nyuma ya chakula leo, kyansi itazunguka. Mimi nitakaa ku mwisho, karibu na mulango, kama vile weye ku chorale. Ukiipitisha kwa mwengine, Papa, sitauliza sababu. Lakini ukininyooshea mikono, ujue mbele: leo tumbo haiumi.